Macho ya Mwenye Zamu

Leo tufikiri pamoja juu ya zamu ya usiku melini.

Siku hizi ofisa wa zamu husaidiwa na ramani ya elektroniki: huiona meli yake kwenye kioo, ikifuata mstari wa safari. Msaada huu ni mkubwa. Lakini tuikumbuke meli Ovit. Tarehe 18 Septemba 2013, baharini kati ya Uingereza na Ufaransa, iliufuata mstari wake hata ikakwama juu ya fungu la mchanga liitwalo Varne. Mstari ulichorwa ukapita juu ya fungu lenyewe, wala nahodha hakuukagua. King'ora cha mtambo hakikulia. Mlinzi aliziona taa za maboya ya hatari, asiseme neno. Zikapita dakika 19 ndipo ofisa akatambua kwamba wamekwama. Bahati njema, hakuna aliyeumia.

Ndugu zetu, mtambo hauwezi kukesha badala yetu. Sisi tuliokabidhiwa zamu, iwe ya meli, ya basi, au ya wagonjwa wodini, tuikague njia mapema, tuinue macho tutazame nje, na tukiona hatari tuseme.