Barua ya Kazi ya Kompyuta: Tutie Sahihi au Tungoje?

(Maneno ya Kamati kwa wanachama katika mkutano wa Jumapili)

Ndugu wanachama,

Hatukuja na habari ya nyongeza ya mshahara, na waliotumaini hayo watusamehe. Tuna shauri moja tu, nalo lamhusu kila mmoja wetu aliye na kijana aliyesoma, au anayesoma mwenyewe jioni akitoka kazini.

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja, karani wa stoo katika Industrial Area, alikuja ofisini kwetu na barua mkononi. Ndugu huyu amekaa katika stoo ile miaka saba. Miaka miwili ya mwisho alikuwa akienda darasa la jioni kujifunza kazi ya kompyuta: kutengeneza mashine, kuunganisha mtandao, na kuwasaidia watu ambao mashine zao zimegoma. Alifaulu, na cheti anacho. Sasa kampuni inayotunza kompyuta za makampuni mengine ilimwandikia kumpa kazi ya mwanzo katika ufundi huo. Stooni alipata shilingi 32,000 kwa mwezi. Hawa walimpa 40,000, na wakataka jibu kwa siku tatu.

Akatuuliza: "Ndugu zangu, nikubali?"

Kusema kweli, sisi wenyewe katika Kamati tuligawanyika. Wakubwa walisema: usiache mbachao kwa mswala upitao. Vijana wakajibu kwamba mbachao wenyewe umekwisha kutoboka. Tukaona kelele hazifai. Tukaiweka barua mezani, tukaisoma mstari kwa mstari. Na ninyi twataka mfanye hivyo hivyo.

Kwanza tulitazama pesa. Shilingi 8,000 za zaidi ni nyingi ukizitaja kwa mdomo. Lakini mshahara wa kwenye barua si mshahara wa mfukoni. Kwa viwango vya bima ya afya na vya nyumba vilivyowekwa mwaka 2024, asilimia 2.75 yaenda kwa afya na asilimia 1.5 kwa nyumba. NSSF yachukua asilimia 6. Katika 40,000 hayo ni shilingi 4,100, na kodi ya mapato bado. Katika 32,000 alizokuwa akipata ni 3,280. Basi katika zile 8,000, shilingi 820 zimekwisha kwenda, zimebaki 7,180.

Tena barua ilisema zamu ni ya usiku, nayo yaisha saa saba. Saa hiyo matatu za kwao hakuna. Ndugu yetu alihesabu shilingi 250 za pikipiki kila usiku, usiku 22 kwa mwezi, jumla 5,500. Zikabaki 1,680, na kodi haijatolewa. Hapo hata vijana wa Kamati walinyamaza. Tukajua kwamba akienda, haendi kwa ajili ya pesa za mwaka huu. Aenda kwa ajili ya ufundi, au asiende.

Basi tukauliza, ufundi gani? Ndugu, jina la kazi si kazi. Barua yaweza kukuita fundi, nawe ukakaa mwaka mzima ukijibu simu na kuwafungulia watu waliosahau neno la siri. Hiyo si kazi ya aibu, na wengi huanzia hapo. Lakini lazima ujue kama kuna ngazi ya kupanda, au ni chumba kisicho na mlango wa pili.

Wengine wameumia zaidi. Katika kesi iliyopelekwa mahakamani Nairobi mwaka 2022, mfanya kazi aliyekuwa akichuja picha na maneno mabaya ya mtandaoni alidai kwamba alipoajiriwa hakuelezwa kazi ilivyo hasa. Mwaka uliofuata, siku ya Mei Mosi 2023, wafanya kazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hiyo walikutana hapa Nairobi, wakapiga kura kuunda chama chao. Msidhani basi kwamba anayekaa mbele ya kompyuta hana haja ya chama. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kuingia chama, awe ameshika koleo au kibonyezo.

Halafu tukafika ukurasa wa tatu, mahali pa maandishi madogo. Hapo paliandikwa kwamba kampuni itamfundisha, na akiondoka kabla ya miaka miwili atalipa shilingi 120,000. Tukarudi ukurasa wa kwanza. Mkataba wa kazi ulikuwa wa mwaka mmoja tu! Tajiri amejifunga mwaka mmoja, mfanya kazi amefungwa miwili. Mwaka ukiisha na tajiri asimwandike tena, nani atalipa? Barua haikusema. Ndugu yetu alikuwa ameisoma mara nne na hakuyaona hayo, kwa sababu furaha ilimjaa. Hatumlaumu. Nani kati yetu hajawahi kutia sahihi kwa furaha?

Tukamsaidia kuandika maswali manne. Kifungo cha miaka miwili kwaendaje pamoja na mkataba wa mwaka mmoja? Usafiri wa usiku ni juu ya nani? Mafunzo hayo ni ya nini, na cheti chake kitakuwa cha nani? Na kwa nini majaribio ni miezi sita, hali mkataba ni miezi kumi na miwili? Hili la mwisho tulijua sheria yaliruhusu. Sheria ya Kazi ya 2007 yasema majaribio yasizidi miezi sita, na yaweza kuongezwa miezi sita mingine mfanya kazi mwenyewe akikubali. Na katika majaribio notisi ni siku saba tu. Lakini kuuliza si ujinga.

Wako walioogopa kwamba tajiri ataudhika na kuichukua kazi yake. Hakuudhika. Alijibu kwa maandishi: kifungo kitakuwa mwaka mmoja, na deni litapungua kila mwezi anaofanya kazi, gari la kampuni litawapeleka nyumbani watu wa usiku, mafunzo ni ya mitandao na cheti ni chake mwenyewe. Majaribio yalibaki miezi sita. Ndugu yetu alikubali. Ndipo akampa tajiri wake wa zamani notisi ya siku 28, na atadai cheti cha utumishi wake wa miaka saba, kwa maana hicho ni haki yake kwa sheria.

Twasema "ndipo" kwa sababu tuna deni la kuungama. Miaka michache iliyopita kijana mwingine alitujia, naye alikuwa na ahadi ya mdomo tu. Sisi Kamati tulimpigia makofi. Tulimwambia, nenda, mwanetu, huko ndiko dunia iendako. Akaacha kazi Ijumaa. Jumatatu akaambiwa angoje. Alingoja miezi miwili, na aliporudi alikuta mahali pake pana mtu mwingine. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi lazima uwe katika maandishi. Sheria hiyo tuliijua, na hatukumwambia. Kosa lile ni letu, na ndilo lililotufanya tuisome barua hii mpaka usiku.

Hatujui mwaka wa ndugu yetu wa stoo utaishaje. Lakini akishindwa, hatashindwa kwa neno asilolisoma.

Basi, ndugu, wewe au mwanao akipata barua ya namna hiyo, msiikimbie wala msiikimbilie. Ileteni ofisini. Njoo na penseli, tutahesabu pamoja. Tazama saa za kazi, siku ya mapumziko ambayo ni moja katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye mshahara. Ukiambiwa jibu ni leo leo, omba siku mbili. Na ukiingia kazi mpya, usiseme umeaga chama. Huko nako kuna wafanya kazi, nao wangoja mtu wa kuwauliza: je, ukurasa wa tatu mmeusoma?

Umoja ni nguvu.

Kamati