Safari ya Miguu na Moyo wa Msafiri





Kutoka mji huu wa Gisenyi njia ya miguu hushika kusini kando ya Ziwa Kivu, ikapanda na kushuka vilima, ikapita Kinunu na Kibuye hata Kamembe. Urefu wake hutajwa kuwa kilomita 227, nayo huhesabiwa siku 10 kwa miguu. Huitwa Njia ya Kongo-Naili, kwa kuwa milima iliyo juu yake hugawa maji. Mvua ya upande wa magharibi huingia Kivu, ikafuata Rusizi, Ziwa Tanganyika na mwishowe Kongo. Ile ya mashariki hufuata Nyabarongo na Akagera hadi Ziwa Viktoria, kisha Naili.

Vijana wengi hudhani ya kuwa mwendo kama huo ni mchezo wa wageni wenye fedha. Lakini Kiswahili na Uislamu vilifika nchi hii kwa miguu, pamoja na wafanya biashara, askari na wapagazi. Mwaka 1893 Mjerumani Götzen aliondoka Pangani na mamia ya watu. Mwaka 1894 alionana na Mfalme Rwabugiri, akapanda Nyiragongo, na karibu na mwisho wa mwaka ule msafara ukatokea Matadi, upande wa pili wa Afrika. Jina lake limo vitabuni. Mizigo ilichukuliwa na vichwa na mabega ya wengine. Katika misafara ya zamani mzigo wa mpagazi uliweza kufika frasila mbili, yaani ratili 70.

Abebaye mzigo huo hawezi kuwaza miezi yote iliyo mbele. Huwaza kambi ya jioni. Hilo ndilo fundisho la kwanza: kilomita 227 zamtisha mtu, bali fungu la siku moja halifiki 23. Aitazamaye Kamembe tangu asubuhi ya kwanza aghalabu hukata tamaa kabla ya Kibuye.

La pili ni mzigo. Kila kitu kilichotiwa mfukoni kwa kusema “huenda kikafaa” hudai ujira wake mlimani. Maji, chakula, nguo ya mvua na viatu vilivyokwisha zoeleka ni bora kuliko mapambo.

La tatu ni uongozi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba wasafiri watatu wamteue mmoja wao awe amiri. Misafara nayo ilikuwa na kirangozi wake, atanguliaye mbele. Lakini mwendo wa haki hupimwa kwa mguu wa aliye dhaifu. Malengelenge yakimshika mmoja, na mvua ikaulainisha udongo wa vilima ukateleza, ndipo hujulikana kama wale ni wenzi au ni watu waliokutana njiani tu. Afikaye peke yake, mwenziwe akiwa nyuma amekaa juu ya jiwe, hakufika.

La nne ni ibada. Sheria imemhurumia msafiri: adhuhuri, alasiri na isha hupunguzwa kuwa rakaa mbili mbili. Tayammum ni ya aliyekosa maji. Aliye ufukoni mwa Kivu mwenye afya hana udhuru. Tena qibla kutoka hapa ni kaskazini, kikiinamia mashariki kidogo. Basi aendaye Kamembe huwa ameipa Makka kisogo, na kila wakati wa sala hana budi kusimama, kutua mzigo na kugeuka. Kutua huko si kupoteza muda. Ndiko kumpako nguvu ya kilima kifuatacho.

Wala si aibu kwa mgonjwa kurudi nyumbani. Safari ni hatua, na njia itamngoja.

Yafaa basi wazee wawahimize vijana kuijaribu, japo siku mbili hata Kinunu, wakiwa pamoja. Aliyejifunza kumngoja mwenziwe mlimani atajua kumngoja katika kazi za jumuiya pia.