Uamuzi wa Mashine Uwe na Mwenyewe



Nimeombwa nizungumzie akili unde na maadili. Wapo wanaopenda kuijadili mada hii kwa kuuliza kama iko siku mashine itapata nafsi. Swali hilo ni zuri, ila leo naliacha. Nimekuja na swali ambalo tayari lina watu wanaoumia: mashine ikimdhulumu mtu, nani anajibu?

Tutazame Uholanzi, nchi ambayo mahakama zake zinaheshimika duniani. Serikali ya huko huwachangia wazazi walio kazini gharama za malezi ya watoto wao. Mamlaka ya kodi ilipokuwa ikisaka wadanganyifu, kuanzia 2013 ilitumia programu iliyompa kila mwombaji alama ya hatari, na kutokuwa na uraia wa Uholanzi kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoipandisha alama hiyo. Faili lenye alama kubwa lilipelekwa kwa afisa alichunguze, lakini afisa mwenyewe hakuelezwa kwa nini mashine imelishuku. Hebu tafakarini hapo. Mtu yupo, kalamu anayo, mamlaka anayo, sababu hana. Mzazi akiuliza kosa lake ni lipi, hakuna wa kumwambia. Maelfu kwa maelfu ya familia ziliamriwa kurudisha fedha zote, nyingine makumi ya maelfu ya yuro, na mara nyingine kisa kilikuwa saini iliyokosekana kwenye fomu. Watu walifilisika, ndoa zikavunjika, na zaidi ya watoto 1,000 wa familia hizo waliondolewa kwa wazazi wao. Januari 2021 serikali ya Waziri Mkuu Mark Rutte ilijiuzulu kwa aibu hiyo.

Najua humu yumo atakayesema afadhali mashine, kwa sababu afisa wetu anataka kitu kidogo, tena anauliza jina la ukoo kabla ya kuuliza shida iliyokuleta. Ni malalamiko ya haki na siyapuuzi. Lakini afisa mla rushwa ana jina, ana mkubwa wake, na iko siku anaweza kusimamishwa kizimbani. Anaweza kuona haya. Mashine haioni haya, haiogopi Mungu wala hakimu, na ubaguzi iliorithi kwa walioiunda inaurudia usiku na mchana bila kuchoka. Kuwaamulia wenzako riziki yao ni kazi ya mtu anayeweza kulaumiwa akikosea. Hiyo ndiyo imani yangu.

Wala mimi si adui wa mashine. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani limependekeza programu zinazosoma eksirei za kifua ili kubaini wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu. Kwa hospitali isiyo na daktari bingwa wa eksirei, hiyo ni neema. Ila baada ya programu kusema yake, mgonjwa bado anapimwa makohozi, na yupo daktari anayetia saini.

Sasa turudi nyumbani Kenya. Tangu huduma ya M-Shwari ilipoanza 2012, mikopo ya simu imekuwa mtaji wa watu wengi. Mama muuza viazi wa soko la Kongowea huamka saa tisa usiku awahi lori la viazi. Anafungua simu akope: jana limiti yake ilikuwa shilingi elfu nane, leo ni elfu moja mia tano. Hajachelewa kulipa hata mara moja. Anapiga huduma kwa wateja, na kijana wa watu anamjibu kwa upole, “Mama, ni mfumo.” Kijana huyo hasemi uongo. Naye hajui. Lori linapakuliwa, viazi vinachukuliwa na wengine, na siku ya mama imekwisha kabla hakujakucha.

Na tuwakumbuke vijana wetu wa Nairobi. Jarida la TIME liliripoti Januari 2023 kwamba wengine walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya watoto kunajisiwa, ya mauaji na mateso, ili ChatGPT ifunzwe kuyaepuka. Wenzao waliochuja picha na video za Facebook walipokwenda kortini, kampuni ya Meta, mmiliki wa Facebook, ilidai kwamba haiwezi kushtakiwa Kenya. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mahakama ya Rufani iliikataa hoja hiyo Septemba 2024, na naipongeza hadharani.

Sheria tunayo. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019 kinakupa haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo zito linalokuhusu, na haki ya kuomba uamuzi huo ufikiriwe upya. Kina mianya, hasa pale ulipokubali mwenyewe, na ni wangapi kati yetu husoma kabla ya kubonyeza “nakubali”? Hata hivyo ni silaha, na inashika kutu.

Waheshimiwa wa bunge la kaunti, kabla kaunti haijanunua programu ya kuchagua wa kupewa basari au wa kuajiriwa, mkataba umtaje afisa atakayetia saini kila uamuzi na kuueleza kwa Kiswahili kinachoeleweka. Asipopatikana wa kutia saini, msinunue. Nanyi wananchi wenzangu, mkikataliwa msiondoke na jibu la mfumo. Andikeni barua, tajeni kifungu cha 35, daini sababu, daini mtu. Asiyeweza kuandika aandikiwe na mwanafunzi aliyekaa kando yake hapa. Wakiwapuuza, ipelekeni barua hiyo kwa Kamishna wa Data. Kuwasikiliza ni wajibu wake kisheria.