Lusenke na Popo Mla Matunda



Wako viumbe wawili katika nchi ya Uganda ambao watu wengi huwatazama kwa jicho la chuki. Wa kwanza ni nyasi ambayo Waganda huiita lusenke. Wa pili ni popo mkubwa mwenye manyoya ya manjano, alaye matunda. Mmoja hutambaa ardhini, mwingine huning'inia mitini; walakini yafaa wapimwe katika mizani moja.

Nguvu ya lusenke imo chini ya udongo. Huko mashina yake meupe, yenye ncha kali, huenea kama kamba, na kipande kidogo kikiachwa na jembe huchipua tena. Moto upitapo, majani huteketea na mashina hupona. Bali mche wa mti hufa. Ndiyo sababu msitu ukifyekwa na kuchomwa mara kwa mara, lusenke huurithi. Hata hivyo haikosi faida: huezekea nyumba, na huushika udongo usichukuliwe na mvua.

Popo hana mzizi. Mchana hulala mitini kwa maelfu, kama walivyojulikana kwa miaka mingi katika bonde moja la Kampala. Usiku huruka mbali kutafuta chakula. Mmoja aliyefungwa chombo cha kufuatia safari zake huko Kasanka, Zambia, alikwenda zaidi ya kilomita 1,900. Akila matunda ya mvule, mbegu hutoka katika choo chake, pengine mahali peupe, mbali na mti mama. Basi nyasi huishika nchi iliyofyekwa, na popo huipelekea mbegu za miti.

Tofauti kubwa iko katika uzazi. Lusenke hupeperusha mbegu nyingi mno katika upepo. Popo jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Nyasi ikikatwa leo, mvua chache zatosha kuirudisha. Popo wakiuawa kwa wingi, hasara hiyo hailipwi ila kwa miaka mingi.

Ni kweli kwamba popo aweza kuchukua vijidudu vya maradhi. Kwa hiyo asishikwe kwa mikono, na tunda lililoumwa naye lisiliwe. Lakini tahadhari si uadui. Aukataye mti wa popo kwa kuchukia kelele na uvundo, huenda anaunyima mvule mpanzi wake, na shamba la wajukuu analiachia lusenke.