Watu Mia Moja Ufukweni: Mhadhara wa Umma juu ya Safari za Meli katika Ncha za Dunia



Nimeombwa nizungumzie utalii wa ncha za dunia, nami nitaanza na namba moja: 100. Hiyo ndiyo idadi ya juu kabisa ya abiria wanaoruhusiwa kuwa nchi kavu kwa wakati mmoja katika kituo kimoja cha kushukia huko Antaktika. Meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi hata mmoja. Abiria wake huitazama barafu kutoka sitahani, kisha meli ikageuza. Karibu kila jambo nitakalosema jioni hii linarudi kwenye namba hiyo, na hoja yangu ni kwamba namba hiyo ni njema lakini haitoshi.

Safari hizi, kwa sura tunayoijua leo, alizianzisha Lars-Eric Lindblad, Msweden aliyehamia Marekani. Mwaka 1966 alikodi meli ya jeshi la wanamaji la Argentina akawapeleka wateja wake Antaktika. Mwaka 1969 akapata meli yake mwenyewe, Lindblad Explorer, iliyojengwa Finland mahususi kwa kazi hiyo. Mtindo wake haujabadilika sana: meli ndogo, wataalamu wa ndege, miamba na historia wakiwa humo ndani wakifundisha, na boti za mpira za kuwafikisha abiria ufukweni. Ni lazima iwe hivyo, kwa sababu bara lile halina wenyeji wala mji, na mahali wanaposhukia watalii hakuna gati.

Wengi huondokea Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina, kati ya Novemba na Machi. Hapo ndipo msafiri anapokutana na Mlango wa Drake, bahari yenye upana wa kilomita 800 hivi kati ya Rasi ya Horn na visiwa vya Shetland ya Kusini. Katika latitudo hizo maji huizunguka dunia nzima bila kukutana na ardhi, upepo nao hauna cha kuuvunja nguvu. Bahari ikitulia, utavuka ukinywa chai. Ikichafuka, hata baharia mzoefu atachafukwa na moyo. Kuvuka huchukua takriban siku mbili kwenda na mbili kurudi, kwa hiyo katika safari ya siku kumi, nne zimeliwa na bahari kabla hujaanza kuhesabu siku za barafu.

Sasa turudi kwenye namba yetu, maana hapa ndipo wasafiri wengi wanapokosea wanapochagua meli. Hutazama picha za vyumba na mikahawa, wakasahau kuuliza meli inabeba watu wangapi. Chukua asubuhi ambayo nahodha ana saa tatu za hali nzuri ya hewa mbele ya kituo kimoja. Meli ya abiria 100 huwashusha wote, na kila mmoja akakaa ufukweni muda wote huo. Meli ya abiria 200 itawagawa mafungu mawili: wakati fungu moja liko nchi kavu, la pili linazungushwa kwenye boti kati ya vipande vya barafu. Ikiwa na abiria 400, kila mtu atapata robo tu ya muda ule, tena kama upepo haukugeuka katikati. Kwa hiyo tiketi ya bei nafuu kwenye meli kubwa inaweza kuwa ghali kuliko inavyoonekana, ukipima kwa saa ulizokanyaga ardhi. Kwa mtu aliyedunduliza miaka mingi kwa ajili ya safari moja ya namna hii, hilo si jambo dogo.

Mwezi wa kwenda nao una uzito. Novemba theluji bado safi, na pengwini wanapanga viota vyao, wakiibiana vijiwe mchana kutwa. Mwishoni mwa Desemba na Januari vifaranga wanaanguliwa. Ukitaka nyangumi, nenda Februari au Machi.

Siku ya kwanza kushuka, abiria hupitishwa kwenye ukaguzi ambao haufanani na wowote wa uwanja wa ndege. Mwongozaji hukaa na tochi na kibano. Anageuza mifuko ya koti nje ndani, anakagua mikunjo ya begi na ukingo wa soksi, anachomoa mbegu ndogo za majani zilizonasa tangu matembezi ya nyumbani. Buti husuguliwa kwa brashi na kuchovywa kwenye beseni la dawa, unapotoka na unaporudi. Mbegu moja ina madhara ya kweli: karibu na kituo cha utafiti cha Arctowski cha Poland, kwenye kisiwa cha King George, nyasi ngeni iitwayo Poa annua iliota miaka ya 1980, na kuing'oa imekuwa kazi ya miaka.

Kisha ikaja homa ya ndege. Oktoba 2023 ilithibitishwa katika kisiwa cha South Georgia, na Februari 2024 ikathibitishwa katika bara lenyewe. Tangu hapo abiria hakai chini, hapigi magoti, wala haweki begi lake kwenye theluji. Anayepiga picha huchuchumaa na kamera yake hewani. Pengwini hasogelewi chini ya mita tano, na akikatiza njia yako, wewe ndiye unayesimama kumpisha. Chakula hakishuki kabisa, na haja zote zinasubiri melini.

Kuingia kwenye boti kuna adabu yake. Huchukui mkono wa baharia kiganja kwa kiganja: unamshika kigasha, naye anakushika kigasha, ili mmoja akiteleza mwingine bado amekamata. Maji yako karibu na nyuzi sifuri, na mtu akitumbukia nguvu za mikono humwishia ndani ya dakika chache. Nimewaona wazee waliofuata utaratibu huo kwa utulivu wakapanda salama, na vijana walioupuuza wakapiga goti kwenye ubavu wa boti.

Ratiba iliyochapishwa ichukuliwe kama nia tu. Nahodha na kiongozi wa msafara huipanga upya kila jioni kwa kutazama upepo na barafu, na mlango mwembamba uliokuwa wazi jana leo unaweza kuwa umeziba. Asiyeweza kuvumilia hilo asiende. Wala hakuna hospitali ya kukimbilia. Meli ina daktari wake, na mgonjwa mahututi hutegemea ndege kutoka kisiwa cha King George hadi Chile, ndege ambayo ukungu ukishuka hairuki. Bima isiyolipia uokoaji wa aina hiyo haifai kitu.

Tusidhani hatari hizo ni za kinadharia. Novemba 23, 2007, meli ile ile ya Lindblad, wakati huo ikiitwa Explorer na ikiwa mikononi mwa wamiliki wengine, ilipasuliwa na barafu usiku karibu na Shetland ya Kusini. Watu wote 154 waliteremka kwenye boti za wazi, wakakaa kwenye baridi kwa saa kadhaa mpaka meli ya Norwe, Nordnorge, ilipowafikia. Explorer ikazama. Hakufa mtu, kwa sababu bahari ilikuwa tulivu na meli nyingine ilikuwa jirani. Septemba 2023 meli ya Ocean Explorer ilikwama kwenye kina kifupi kaskazini-mashariki mwa Greenland ikiwa na watu 206, ikanasuliwa baada ya siku tatu. Yako mengine yaliyorekebishwa: mafuta mazito ya meli yalipigwa marufuku Antaktika mwaka 2011, na kanuni za kimataifa za meli za ncha za dunia zikaanza kutumika Januari 1, 2017.

Upande wa kaskazini niutaje kwa ufupi, kwa sababu unatufundisha jambo. Visiwa vya Svalbard viko chini ya Norwe, na visiwani kwenyewe hakudaiwi viza. Lakini msafiri mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya atapitia Norwe bara, ambayo imo katika eneo la viza ya pamoja la Schengen, ilhali Svalbard haimo. Ukitoka Oslo kwenda Longyearbyen, mji wa Svalbard, umetoka Schengen, na kurudi ni kuingia mara ya pili. Viza ya kuingia mara moja itakukwamisha njiani. Omba ya kuingia zaidi ya mara moja.

Somo lenyewe ni hili. Tangu Januari 1, 2025, Norwe imeweka sheria kwamba katika maeneo yaliyohifadhiwa ya Svalbard meli isizidi abiria 200, watu washuke kwenye vituo vilivyotajwa tu, na dubu weupe wasikaribiwe chini ya mita 300, au 500 katika miezi ya Machi hadi Juni. Serikali moja iliamua, na kampuni zikafuata.

Antaktika haina serikali. Ina Mkataba uliotiwa saini mwaka 1959 na nchi 12, na Itifaki ya Mazingira ya mwaka 1991. Mwaka huo wa 1991 kampuni saba ziliunda IAATO, umoja wao wa hiari, na sehemu kubwa ya nidhamu niliyoieleza inasimamiwa na umoja huo. Nawapa heshima yao, maana walijiwekea mipaka kabla hawajalazimishwa. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 wageni walikuwa maelfu machache kwa msimu, na msimu wa 2022 na 2023 walipita 100,000. Kanuni ya watu 100 inalinda saa moja ya ufukwe mmoja. Haisemi lolote juu ya meli ya pili itakayofika mchana, ya tatu kesho, na vituo vile vile vinavyopendwa kukanyagwa msimu mzima.

Lindblad aliamini kwamba aliyeiona Antaktika atakuwa mtetezi wake, na wengi wamekuwa hivyo. Hata hivyo utetezi wa wageni hauzuii msongamano wanaousababisha wao wenyewe. Panahitajika kikomo cha jumla kwa kila msimu, kipangwe kwa kila kituo, na kiwe na nguvu ya sheria.

Wa kukiweka ni nchi za Mkataba, na kati ya zile 12 za mwanzo bara letu lilikuwa na moja tu, Afrika Kusini. Ibara ya 13 ya Mkataba inairuhusu nchi yoyote mwanachama wa Umoja wa Mataifa kujiunga. Kura ya maamuzi hupewa nchi inayofanya utafiti wa maana huko, lakini kuingia kwenye kikao na kusikilizwa hakuhitaji meli wala kambi ya barafu. Naiomba serikali yetu ijiunge, na naviomba vyuo vyetu vya sheria, bahari na utalii vianze kuwaandaa sasa vijana watakaokaa kwenye viti hivyo.