Mkopo au Hisa?

Tuseme ndugu watatu wana kampuni ya malori pale Changamwe, Mombasa. Injini imekufa, mmoja anatoa shilingi 200,000 zake, anazituma kwa M-Pesa, hakuna hata mstari mmoja wa maandishi. Mwaka ukipita anadai hisa. Wenzake wanasema ulikuwa mkopo. Undugu unavunjika hapo, na inaniuma, maana karatasi moja iliyotiwa sahihi siku ile ingetosha.

Na hata kama fedha zile zilikuwa za hisa, hisa mpya za kuuzwa kwa fedha taslimu kwa kawaida hutolewa kwanza kwa wanahisa waliopo, kila mtu kwa kadiri ya fungu lake, isipokuwa katiba ya kampuni imesema vingine. Naye mkurugenzi, chini ya Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015, haruhusiwi kujipendelea: kama gereji inayopewa kazi ni yake, awaambie wakurugenzi wenzake mapema.

Mwanahisa aliyeonewa, hata mwenye hisa chache, anaweza kwenda mahakamani kwa kifungu cha 780 cha sheria hiyo. Lakini kwanza agiza CR12, hati rasmi inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa wa kampuni, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uone kama jina lako limo, na kwa hisa ngapi.