Dawa moja, nguvu tofauti: sanduku letu linunue wapi?

(Maneno ya infirmie wa kamati ya afya mbele ya mkutano mkuu, Baraka)



Kamati imeniomba nijibu ulizo moja linalorudi kila mara. Kwa nini sanduku la chama linanunua dawa ya malaria kwenye depo yenye faktire, wakati sokoni bei iko chini, na wengine wetu wamepanda artemisia nyuma ya nyumba? Ulizo ni la haki, juu franga ni zenu.

Tuanze na muti. Sisi watu wa Kivu hatuwezi kudharau dawa ya muti. Kiniini inatoka kwenye ganda la kinkina, muti uliopandwa Kivu tangu wakati wa Wabeleji, na Pharmakina ya Bukavu imeitengeneza miaka mingi. Lakini ganda la muti mumoja linaweza kuwa na kiniini nyingi, na la muti mwingine kidogo sana. Inategemea aina yake, umri na udongo. Njo maana kiwanda kinapima kwanza, kiisha kinatengeneza kidonge chenye kipimo kilekile kila siku.

Artemisia ni vilevile. Mwaka 1972 Tu Youyou wa China na wenzake walitoa ndani yake artemisinini, na mwaka 2015 akapewa zawadi ya Nobel. Dawa zetu za leo zinatoka mule. Lakini kikombe cha chai ya majani, nani anajua cha leo kina nguvu gani, na cha kesho je? Nguvu ikiwa kidogo, homa inashuka lakini vijidudu vinabaki, na vinavyobaki vinaweza kuizoea dawa. Njo maana mwaka 2019 OMS ilisema haiungi mukono kutumia majani hayo kwa kukinga ao kutibu malaria.

Sasa soko. Mwaka 2017 OMS ilikadiria kwamba katika inchi za kipato cha chini na cha kati, dawa 1 kwa 10 ni mbovu ao ya uongo. Kuna ile ambayo ndani hamuna dawa kabisa. Kuna iliyotengenezwa vibaya. Kuna pia iliyotoka kiwandani nzuri, ikaharibikia njiani. Artemether-lumefantrine inaomba kuwekwa pahali pasipozidi digri 30. Fikirini kibanda cha manjanja hapa kando ya ziwa, saa saba ya muchana.

Wengine munaleta dawa kutoka Kigoma ao Nyarugusu. Shida si Tanzania, inaweza kutoka kule ikiwa nzuri. Lakini plaketi ikikatwa kwa makasi, tarehe na numero ya loti zinabaki kwenye kipande kingine. Hakuna tena wa kuifuatilia.

Depo pia si malaika, inaweza kukosea. Tofauti ni hii: loti ikionekana mbovu, kwenye daftari yetu tunajua imeingia nyumba gani, na tunairudisha siku ileile. Mutoto wa miaka miwili akishikwa na degedege usiku katika kijiji cha Fizi, mbali na hospitali, dawa dhaifu imemumalizia saa zake za kuokoka.

Kwa hiyo, wandugu, tunaomba haya. Musinunue plaketi iliyokatwa. Angalieni tarehe, loti, na kama vidonge vimebadilika rangi ao vinavunjika-vunjika. Mumalize doze yote: kwa mutu mukubwa ni vidonge 24 kwa siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta. Homa ikibaki, muende kituo cha afya na ile paketi tupu, musiitupe.

Wafadhili wetu, aksanti sana. Lakini mbele ya kutuma vidonge, mutuulize. OMS inaomba dawa ya musaada ifike ikiwa na angalau mwaka 1 mbele ya kuisha. Mara nyingi franga zinasaidia zaidi.

Leo mutapiga kura. Tukibaki kwenye depo, tutapata paketi chache kwa franga zilezile. Kamati inaomba mukubali uchache huo, juu kila paketi tutajua imetoka wapi.